Misimu 72: Albamu mpya ya Metallica tunaipima kwa kipimo kisicho chake

Albamu mpya ya Metallica, ile bendi ya Marekani ya muziki mzito wa magitaa, 72 Seasons, ilitoka Ijumaa ya tarehe 14 Aprili 2023, na mpaka nakaa kuandika hii wiki ya tatu inaisha na sisi tunaosikiliza hevi metali hapa Arusha bado hatujaelewana. Tuko wachache kweli. Wengine tuliupata huu muziki kwenye kazi za utalii, mgeni kamaliza safari anakuachia kisikilizio chake cha zamani na nyimbo zote ndani, wengine kwa kaka zao waliokuwa na kaseti, na madogo wa sa hivi wameupata mwaka jana pale ile tamthilia ya Stranger Things ilipoupiga wimbo wa Master of Puppets dunia nzima ikausikia upya. Kundi moja linasema hii ndo albamu bora tangu miaka ya tisini, kundi lingine linasema wazee wamechoka, wanajirudia, dakika 77 za rifu ileile, yaani kipande kilekile cha gitaa kinachojirudia. Mi naona makundi yote mawili yamekosea sehemu moja, yanaipima kwa kasi na kwa rifu, kipimo cha mwaka 1986 walipotoa albamu ya Master of Puppets, wakati hii ni albamu ambayo mzigo wake umekaa kwenye maneno kuliko albamu yao nyingine yoyote, na ukiipima hapo unakuta ina ubora ambao wanaoisifia hawausemi na ina kosa ambalo wanaoiponda hawalisemi vizuri.

Tuanze na jina maana hata jina limesomwa vibaya. Mdogo wangu alivyoliona akajua ni sizoni za tamthilia, mwingine kwenye grupu letu la WhatsApp akasema ni miaka 72, kwamba wanatangaza uzee wao. Hapana. Ni misimu ya mwaka, kwao mwaka una misimu minne, zidisha kwa 18 unapata 72, kwa hiyo ni miaka 18 ya kwanza ya mtu. James Hetfield, anayeimba na kupiga gitaa la rithimu, ameeleza mwenyewe kwamba ile miaka ndo inayomtengeneza mtu, wa kweli au wa bandia, kwamba wazazi wanakuambia wewe ni nani na unaondoka nayo, afu utu uzima wako mwingi unakuwa ni kurudia au kujibu yaliyotokea huko. Kwetu huku chini ya Meru hesabu ingekaa tofauti, hatuhesabu misimu minne, tunahesabu mvua, masika na vuli, kwa hiyo kijana wa miaka 18 ameshaona masika 18 na vuli 18, na hata Sheria ya Mtoto ya 2009 inakata palepale, chini ya 18 wewe bado mtoto. Mara ya kwanza naisikiliza ilikuwa Jumamosi jioni, Sakina, mvua ya masika inapiga bati mpaka sauti ya simu haisikiki bila kuziba masikio na earphone, umeme umekatika, nikasikiliza zote 12 kwa mpangilio kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kufanya. Nadhani hilo lilinisaidia kuliko ujuzi wowote wa muziki.

Sasa huyu Hetfield ni nani mpaka miaka yake 18 itufae sisi. Baba yake aliondoka nyumbani yeye akiwa na miaka 13. Mama yake akafa kwa kansa yeye akiwa na 16, na familia ilikuwa ya dhehebu la Christian Science ambalo halikubali matibabu ya hospitali, kwa hiyo mtoto alikaa ndani ya nyumba akimwona mama yake anaisha na dawa haiguswi. Baadae, mwaka 1981, akakutana na Lars Ulrich, mpiga ngoma, mdenish aliyehamia Los Angeles, wakaanzisha bendi. Hayo ya nyumbani alishayagusa kwenye nyimbo mojamoja huko nyuma, mmoja kwenye albamu moja, mwingine kwenye nyingine, anauma afu anapuliza. Mwaka 2019 alirudi kwenye nyumba ya kutibu ulevi na ziara ya Australia na New Zealand ikasimama. Halafu ikaja korona, kila mtu kafungiwa kwake, na hii albamu ndo imeanza kupikwa hapo. Mtu anayekaribia sitini amekaa peke yake na miaka yake 18, na safari hii hakuandika wimbo mmoja, ameandika karibu albamu nzima, kivuli kinachokufuata, giza ulilolilea kama mtoto wako, kujiona kwenye vioo. Ukizisoma pembeni bila gitaa utaona ni mtu mmoja anazunguka chumba kimoja.

Ndo maana hicho kipimo cha 1986 hakikai. Master of Puppets ina nyimbo 8 na haifiki saa moja, na watu wanaitaja kama vile ufupi ule ulikuwa ni hekima tu, wakati sehemu kubwa ilikuwa ni santuri yenyewe, upande mmoja wa santuri ukizidisha sana dakika 25 sauti inaanza kuharibika, kwa hiyo bendi zote zilikuwa zinabana. Ilivyokuja CD inayobeba karibu dakika 80 wao wakaijaza, Load ya 1996 inakaribia dakika 79, Reload ya mwaka uliofuata ni zaidi ya 75, Hardwired ya 2016 ikatoka kwenye CD mbili. Kwa hiyo anayesema urefu ni ugonjwa wa uzeeni hajafuatilia, ni tabia ya miaka 27 sasa. Na kila walipobadilika kulikuwa na vita. Ile albamu nyeusi ya 1991 waliambiwa wameuza utu kwa redio, leo ndo imeuza nakala zaidi ya milioni 16 Marekani peke yake na wale waliowatukana wanaipiga kwenye harusi. Load waliambiwa wamenyoa nywele. St. Anger ya 2003 haina solo hata moja na ngoma yake inalia kama sufuria, hiyo mi mwenyewe siitetei. Kwa hiyo mgawanyiko wa sasa hivi si jambo jipya, lililo jipya ni kwamba tunagombana kuhusu mwendo wakati kilichobadilika ni maneno.

Kuna sababu nyingine ya watu kukasirika na hii ni kosa la bendi yenyewe. Novemba mwaka jana walitanguliza Lux Æterna, wimbo ambao haufiki hata dakika tatu na nusu, wa kasi, wa furaha, unaokurudisha kwenye zile bendi za Uingereza za mwanzo wa miaka ya themanini ambazo Lars alikuwa anazikusanya utotoni. Sisi wote tukaruka, tukasema wamerudi. Kumbe ndo wimbo mfupi kuliko yote kwenye albamu, na ukiacha Too Far Gone? hakuna mwingine chini ya dakika tano. Yaani umeonjeshwa pilipili ya mbuzi choma afu ukaletewa sahani ya makande, makande mazuri, yenye nazi, lakini tumbo lilishajiandaa kwa nyama. Watu wengi ninaobishana nao ukiwasikiliza vizuri hasira yao imeanzia hapo, hawajaichukia albamu, wanaidai albamu nyingine ambayo waliahidiwa kwa dakika tatu.

Hoja ya wakosoaji iliyo na nguvu naikubali, ila naona wanaisema vibaya. Wanasema nyimbo ni ndefu. Sisi hatuwezi kulalamikia wimbo mrefu, sisi ni watoto wa dansi. Baba zetu wamekua na nyimbo za dakika nane, tisa, na hakuna aliyechoka, kwa sababu wimbo wa dansi una mpango wake, sehemu ya kwanza unapewa kisa taratibu, fulani kanitenda hivi, nimeenda kwa wazazi nimerudi, afu unafika pale inaitwa chemko, gitaa zinafunguka, besi inaanza kutembea, tarumbeta zinaingia na wewe uliyekuwa umekaa na bia yako unasimama. Urefu unalipwa. Sasa sikiliza wimbo wa nane, Chasing Light, au wa saba, Crown of Barbed Wire, kisa kinaanza vizuri, rifu ya kwanza nzuri, unasubiri pale kati pafunguke, inakuja solo, afu unarudishwa kwenye rifu uliyoanza nayo, na kiitikio mara ya tatu, na mara ya nne. Hakuna chemko. Kosa la hii albamu ni hilo, wimbo wa dakika sita unajengwa kwa vitu vya dakika nne. Na ukichukulia kwamba kila gitaa limerekodiwa kwa rangi moja ya sauti kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hakuna gitaa la kawaida lisilo na umeme hata sehemu moja, hakuna wimbo wa taratibu hata mmoja, sikio linachoka kabla hujafika pale ambapo mambo yamewekwa.

Na mambo yamewekwa mwisho kabisa, kwenye Inamorata, dakika 11 na sekunde 10, wimbo mrefu kuliko wote waliowahi kuandika ukiacha ile kazi waliyofanya na Lou Reed mwaka 2011. Huu naomba nikae nao kidogo. Unaanza mzito, wa kukokota, mtu anaongea na huzuni yake kama anaongea na mwanamke aliyemzoea, anajua anamharibia maisha ila hajui kulala bila yeye. Katikati kila kitu kinanyamaza. Inabaki besi ya Robert Trujillo peke yake, inatembea polepole, na Lars anagusa tu matoazi, na Hetfield anaimba karibu na mdomo wa maiki bila kulazimisha koo. Siku ile kwenye mvua nilidhani simu imezima chaji. Halafu gitaa mbili zinaingia pamoja, moja juu ya nyingine, zinapanda taratibu kama watu wawili wanabeba kitu kizito kwenye ngazi, na wimbo unafunguka mpaka unasahau uko dakika ya ngapi. Ile ni chemko. Bendi ambayo mwaka 1988 ilitoa albamu nzima ambayo besi ya Jason Newsted haisikiki, leo wimbo wao mkubwa unasimama kwenye besi peke yake. Anayesema hawa watu hawana jipya la kufanya basi aliishia wimbo wa nne, na najua wengi waliishia wimbo wa nne maana bando la siku linaisha hapo.

Kuhusu Kirk Hammett, mpiga gitaa la solo, nitasema haraka. Amesema mwenyewe kwamba solo nyingi alizipiga papo kwa papo, mara ishirini thelathini kwa wimbo, afu akawaachia Lars na projuza Greg Fidelman wachague vipande. Watu wanamponda, ile pedali yake ya mguu inayofanya gitaa liongee kama mtu anakanyaga kila wimbo, na nyingine zinasikika kweli kama vipande vilivyounganishwa. Wako sahihi nusu. Kwenye wimbo wa kwanza solo haijengi kitu, inakimbia tu. Lakini huyu ni mtu ambaye albamu ya 2016 hakuwa na mchango hata mmoja wa utunzi kwa sababu alipoteza simu yenye mawazo yake yote ya gitaa, safari hii jina lake lipo kwenye utunzi na la Trujillo pia, na unasikia.

Sasa hoja dhaifu. Ya kwanza ni ile ya wazee wastaafu. Nimeiona kila mahali na inaniuma kwa sababu inatoka kwa watu wa nchi ambayo Bi Kidude alipandishwa stejini akiwa bibi kizee kabisa mpaka karibu na kifo chake Aprili 2013 na ukumbi mzima unasimama, nchi ambayo Msondo Ngoma imeanza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, miaka 17 kabla Metallica haijazaliwa, na ikitangazwa shoo watu wanaenda. Hatujawahi kumwambia mwimbaji mzee anyamaze, tumemwambia aimbe vizuri. Hii ya kwamba muziki wa kelele ni wa vijana tumeiokota huko mtandaoni tukaileta nyumbani bila kuikagua. Na hata kwa mantiki yake haisimami, maana albamu hii isingeweza kuandikwa na kijana. Kijana wa miaka 22 ndo kwanza ametoka kwenye hiyo misimu 72, hajafika mbali akaigeukia. Anayeweza kuiona yote mwanzo mpaka mwisho ni mtu ambaye imeshamkalia miaka arobaini.

Ya pili ni ya hapa kwetu zaidi, kwamba huu muziki ni wa kishetani, na hii albamu ina giza kwenye majina yake basi imethibitika. Siwacheki wanaosema hivyo, wengi ni mama zetu na wachungaji wetu na wanasema kwa kuogopea watoto. Ila naomba wachukue wimbo wa tatu, Screaming Suicide, wasome maneno yake yote. Wimbo ule unalitaja wazi neno ambalo kwenye nyumba nyingi halitamkwi, na Hetfield alisema walivyoutoa Januari kwamba nia ni kulitoa hilo neno kwenye unyamavu, kwamba wazo kama hilo likimjia mtu asijione yuko peke yake, aseme. Sisi hapa Kanuni ya Adhabu bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa ni kosa la jinai, kwa hiyo mtu akiokolewa anaweza kutoka wodini akakutana na kesi, na familia inaficha, inasema aliteleza, alikunywa dawa ya kuku kwa bahati mbaya. Kijana wa kiume huku tunamlea kwa neno moja, vumilia. Katika hali hiyo mwanaume wa miaka 59, sauti nzito, mikono yote michoro, anasimama anasema hili wazo linawajia watu wengi na tunatakiwa tuweze kuliongea. Hilo linamfaa chalii wa Ngarenaro kuliko mahubiri mengi niliyokaa kuyasikiliza. Kama kuna kitu cha kuogopa hapo mi sijakiona, na nimekitafuta kwa nia njema.

Upande wa wanaosifia nao wana lao. Wanaleta namba, Uingereza imeingia ya kwanza, Marekani ya pili nyuma ya Morgan Wallen, kana kwamba hapo mjadala umefungwa. Jina Metallica litauza hata wakirekodi mafundi wanagonga mabati. Na ukiwaambia nyimbo tatu zingetoka albamu ingekaa vizuri wanakuambia huelewi metali. Hii inaharibu kwa sababu inamwachia mkosoaji wa kasi uwanja wote, wanaoipenda hawasemi wanapenda nini hasa, wanataja tu kwamba ni nzito na imerekodiwa safi, wakati ukitaka kuitetea silaha yako ni maneno. Hetfield hajawahi kuimba wazi namna hii na sauti yake haijawahi kukaa vizuri hivi tangu miaka ya tisini. Hilo ndo la kusema.

Kinachonifanya nihangaike na albamu ya bendi ya Marekani kiasi hiki ni mji wenyewe. Arusha ni mji wa hiphop, X Plastaz walitoa Maasai Hip Hop mwaka 2004 na watu wakagombana vilevile, wengine wakisema sauti ya kimasai haikai kwenye biti, wengine wakisema ndo sauti yetu, na baada yao wakaja kina Joh Makini na Weusi wakaushika mchezo nchi nzima. Wale waliokuwa machalii mwaka 2000 sa hivi wanapita miaka arobaini. Wana watoto, wengine wamezika wazazi, wengine wanajua wenyewe walichopitia mtaani Unga Limited kabla ya miaka 18. Siku mmoja wao akiamua kutoa albamu ya polepole kuhusu baba yake, bila majigambo, bila mstari wa kuchana mtu, sisi wasikilizaji tutaipima kwa nini? Tukiwa na kipimo kimoja tu, cha ule mwaka alipokuwa na njaa na kasi, tutamwambia kachoka ndani ya siku mbili kabla bando halijatufikisha wimbo wa mwisho, na yeye atarudi kutafuta biti ya kuchezeka, na kile alichotaka kutuambia tutakuwa tumekikosa. Na kilichonisumbua zaidi wiki hizi ni kwamba maneno mengi niliyosoma kwenye magrupu yetu, ya kuponda na ya kusifia, yalikuwa yaleyale ya wachambuzi wa Marekani, mpaka mifano ileile, Ijumaa saa nne asubuhi, wakati albamu yenyewe ina masaa kumi tu tangu itoke.

Rafiki yangu mmoja ni fundi umeme wa magari, yeye alikuwa kwenye kundi la wazee wamechoka tangu siku ya kwanza. Wiki iliyopita nimeenda gereji kwake na fleshi, tukaiweka kwenye Land Cruiser iliyokuwa inasubiri betri, milango wazi, mvua imekata, tukasikiliza yote huku anafunga waya. Kwenye kati ya Inamorata aliacha koleo akakaa kwenye tairi mpaka ikaisha. Hakusema kitu, akaomba nimwachie fleshi. Bado anasema angekuwa projuza angetoa ya pili, ya saba na ya nane, na ya mwisho angeiweka ya sita ili mtu afike akiwa na nguvu. Ya saba na ya nane nimemkubalia. Ya pili, Shadows Follow, mi siitoi, na Jumapili hii ninarudi tubishane.